Kuchota sampuli ya mtandao: namna ya kujua kama ni soko linalosema au ni njia yako ya kuchota

Swali hili linarudi kila mara wanafunzi wa Bukavu wanapoanza kazi za kumaliza masomo: "Nimehoji wauzaji 150 wa soko la Kadutu, nimechora nani anamkopesha nani bidhaa, nimepata wastani wa viungo 2.3 kwa mtu. Niandike kwamba wauzaji wa Kadutu hawashikani?"

Usiandike hivyo. Tuseme soko lina wauzaji 900, nawe umechagua 150 kwa bahati nasibu, kisha ukahesabu viungo vya hao 150 wao kwa wao tu. Umechukua mtu mmoja kati ya 6, kwa hiyo kila muuzaji amebaki na takriban sehemu moja ya 6 ya viungo vyake. Vingine vimeishia kwa watu ambao hukuwachagua. Wastani halisi uko karibu na 13.8. Soko lilikuwa na mshikamano tangu mwanzo, ila njia yako ya kuchota ndiyo iliyoukata.

Dawa yake ni kuijaribu njia yako juu ya mtandao (wa mahusiano ya watu, si intaneti) unaoujua wote kabla hujauliza mtu swali hata moja. Kazi hiyo ni ya siku moja kwenye kompyuta, na inaokoa miezi.

Maneno tutakayotumia: nodi ni mtu (au kitu) ndani ya mtandao, kiungo ni uhusiano kati ya nodi mbili, digrii ni idadi ya viungo vya nodi moja. Kiwango cha pembetatu kinajibu swali hili: kila mahali ambapo mtu mmoja anawaunganisha wengine wawili, ni mara ngapi hao wawili nao wameunganika wenyewe kwa wenyewe?

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye Python 3 na maktaba ya NetworkX. Kumbukumbu ya GB 4 inatosha. Anayejua R atumie igraph, hatua ni zilezile.
- Faili `facebook_combined.txt`, orodha ya urafiki wa watu kwenye Facebook, kutoka hifadhi ya data ya SNAP ya Chuo Kikuu cha Stanford. Huu ndio mtandao wa mazoezi. Haifikii MB 1, kwa hiyo ipakue mapema uwe nayo hata siku ambayo intaneti haipo.
- Orodha ya wauzaji kutoka kwa kamati ya soko, au jibu lao la wazi kwamba orodha haipo. Jibu hili peke yake linaamua nusu ya kazi yako, kama utakavyoona katika hatua ya 7.
- Simu zenye KoboCollect (programu ya kujazia majibu ya mahojiano), na daftari moja la majina. Daftari tutaliongelea kwa urefu.

Tahadhari kuhusu faili hilo: limejengwa kwa kuunganisha mitandao ya marafiki inayozunguka watu 10 tu. Yaani lenyewe ni sampuli tayari, na kiwango chake kikubwa cha pembetatu kinatokana kwa sehemu na namna lilivyokusanywa. Kwa mazoezi hilo halina madhara, kwa sababu tunalichukua kama "ukweli wote" na kupima tunapoteza nini tukilichota. Lakini usilitumie kamwe kueleza Facebook nzima ilivyo.

Hatua

1. Andika swali moja na kipimo kimoja. "Nataka kujua mtandao wa soko" si swali. "Muuzaji wa kawaida ana wakopeshaji wangapi?" ni swali la wastani wa digrii. "Wakopeshaji wa mtu mmoja hujuana?" ni swali la pembetatu. "Habari mbaya ya muuzaji asiyelipa hufika upande wa pili wa soko kwa hatua ngapi?" ni swali la urefu wa njia. Njia moja ya kuchota inaweza kuhifadhi kipimo kimoja vizuri na kukiharibu kingine kabisa, kwa hiyo usipochagua sasa hutaweza kuchagua njia baadaye.

2. Pima mtandao mzima wa mazoezi. Soma faili kwa `read_edgelist`. Unapaswa kupata nodi 4,039 na viungo 88,234, hivyo wastani wa digrii ni 43.7. Amri `transitivity` itakupa 0.519, na `average_clustering` 0.606. Namba hizi mbili hazilingani kwa sababu ya kwanza inahesabu mtandao mzima kwa pamoja, ya pili inatafuta kiwango cha kila nodi kisha inachukua wastani. Chagua moja utakayoitumia kazi nzima na uiandike kwa jina. Wengi hulinganisha ya kwanza ya kwao na ya pili ya mwandishi mwingine, kisha wanaandika kurasa mbili kueleza tofauti ambayo haipo.

3. Chota nodi. Chagua nodi 808 kwa bahati nasibu (p, yaani sehemu ya nodi unazobakiza, ni 0.2), kisha tumia `subgraph` kubakiza viungo vya hizo kwa hizo. Kiungo kinabaki pale tu ambapo ncha zake zote mbili zimechaguliwa, kwa hiyo vinabaki karibu 0.2 × 0.2, yaani 4% ya viungo: kama 3,530. Wastani wa digrii utashuka hadi karibu 8.7.

Sasa angalia `transitivity`: itabaki karibu na 0.519. Pembetatu inahitaji nodi 3 zibaki, na mahali pa mtu mmoja kuunganisha wawili panahitaji nodi 3 pia; vyote viwili vinazidishwa kwa p × p × p, na uwiano wao unabaki. Lakini `average_clustering` itayumba, maana kwa kawaida programu inaiandikia 0 kila nodi iliyobaki na kiungo kimoja au bila kiungo. Kwenye mtandao wenye digrii ndogo, kama mitandao mingi ya masoko, sifuri hizo zinaweza kukushusha vibaya.

4. Chota viungo. Chagua viungo 17,647 kwa bahati nasibu, ambavyo ni 20%. Ukihesabu nodi zote 4,039, wastani wa digrii utakuwa 8.7, sawasawa na hatua ya 3. Mtu akiangalia wastani tu atasema njia hizi mbili ni sawa. Angalia pembetatu: `transitivity` imeanguka hadi karibu 0.104. Pembetatu inahitaji viungo 3 vibaki, pale pa viungo viwili panahitaji 2, kwa hiyo uwiano wao unazidishwa kwa 0.2. Njia mbili, wastani mmoja, na pembetatu zinatofautiana mara 5.

Hatari ya pili ya njia hii iko kwa wanaobaki. Mtu mwenye kiungo kimoja anaonekana kwa nafasi ya 20%. Mwenye viungo 5, karibu 67%. Mwenye 10, karibu 89%. Orodha yako itajaa watu wenye uhusiano mwingi, na wapweke watatoweka kana kwamba hawapo sokoni. Hili ndilo linalokupata ukipewa kipande cha kumbukumbu za malipo ya simu. Hapo kuna la ziada: kila malipo ni mstari mmoja, kwa hiyo wawili wanaolipana kila siku wana nafasi kubwa ya kuonekana kuliko wanaolipana mara moja kwa mwezi. Unganisha kwanza malipo ya watu walewale kuwa kiungo kimoja, ndipo uchote.

5. Chota kwa kutajana. Anza na nodi moja, chukua majirani zake wote, kisha majirani wa majirani. Vitabu vinaiita mpira wa theluji. Jaribu kuanzia nodi namba 107: ina digrii 1,045, hivyo duru moja tu imekupa zaidi ya robo ya mtandao, yote ikiwa upande mmoja. Rudia ukianzia nodi ya pembeni uone picha inavyogeuka. Kama jibu linategemea umeanzia kwa nani, hilo jibu ni la aliyeanza.

Njia hii ina mitego mitatu ambayo wanaoanza hunaswa nayo karibu wote.

Kwanza, watu wa duru ya mwisho wametajwa lakini hawajahojiwa. Viungo vyao hujaviona. Ukiwaingiza kwenye hesabu ya digrii, utapata kundi kubwa la watu "wenye kiungo kimoja" ambao kwa kweli wana 10 au 20. Hesabu digrii za waliohojiwa peke yao.

Pili, ukianza na mtu mmoja na kwenda duru 2, watu wowote wawili ndani ya sampuli hawawezi kuachana kwa zaidi ya hatua 4, kwani wote wanarudi kwa aliyeanza kwa hatua 2. Kusema "soko letu ni dunia ndogo, kila mtu anamfikia mwenzake kwa hatua 4" ni kuisoma njia yako mwenyewe. Kwa duru w kikomo ni 2w, na kimewekwa kabla hujahoji mtu.

Tatu, kutajana huwafikia mapema wenye digrii kubwa. Kwenye mitandao yenye mkia mrefu wa digrii (wengi wana viungo vichache, wachache wana vingi mno), sampuli hii hufanya mkia uonekane mnene kuliko ulivyo, huku kuchota nodi au viungo kukiufanya uonekane mwembamba. Mtu anayetaka kusema mtandao wake unafuata kanuni ya nguvu (kila digrii inapoongezeka mara mbili, idadi ya wenye digrii hiyo hupungua kwa uwiano uleule) aanzie hapa. Mwaka 2003 watafiti wa intaneti walionyesha kwamba njia za data zikifuatwa kutoka vituo vichache tu, hata mtandao nasibu wa kawaida (ambao viungo vyake vimewekwa kwa bahati tu) unaweza kuonekana na mkia huo. Mwaka 2005 ikaonyeshwa upande wa pili: sehemu iliyochotwa kwa nasibu kutoka mtandao wenye kanuni ya nguvu haiifuati kanuni hiyo kikamilifu.

Kutajana si njia mbaya. Wakati wa Ebola ya 2018–2020 huko Kivu Kaskazini na Ituri, timu za afya zilimfuata kila aliyekutana na mgonjwa, na kwa kazi ya kuwapata watu walio hatarini hakuna njia iliyo bora. Lakini orodha zile haziwezi kukuambia mkaaji wa kawaida wa Goma hukutana na watu wangapi kwa siku.

6. Chota kwa matembezi nasibu. Simama kwenye nodi, chagua jirani mmoja kwa nasibu, hamia kwake, rudia mara 5,000. Tupa hatua 500 za mwanzo. Anzisha matembezi 4 kutoka sehemu tofauti na uone kama yanakubaliana. Digrii za waliotembelewa zitakupa wastani unaoelekea 106.6, ingawa ukweli ni 43.7! Sababu: nafasi ya kufika kwa mtu inalingana na digrii yake, kwa hiyo mwenye viungo 100 anatembelewa mara 10 zaidi ya mwenye viungo 10.

Uzuri wa njia hii ni kwamba kosa lake linajulikana, hivyo linarekebishika. Mpe kila uliyemtembelea uzito wa 1 gawanya kwa digrii yake. Kwa wastani wa digrii, gawanya idadi ya matembeleo kwa jumla ya uzito huo. Mfano: umetembelea watu wenye digrii 2, 4, 10 na 20. Wastani wa kawaida ni 9. Uzito ni 0.5 + 0.25 + 0.1 + 0.05 = 0.9, na 4 ÷ 0.9 ni 4.4. Hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Usifute waliojirudia. Ukimtembelea mtu mara 3, anahesabiwa mara 3. Uzito unategemea hilo. Wanaoona "data iliyojirudia" na kuisafisha huliharibu sahihisho lote. Ni vilevile kwa aina ya matembezi iitwayo Metropolis-Hastings, ambapo unapotaka kutoka kwa mwenye digrii a kwenda kwa mwenye digrii b unakubali kwa nafasi ya a ÷ b (au moja kwa moja kama b haizidi a): ukikataliwa unabaki ulipo, na kule kubaki kunahesabiwa kama tembeleo.

7. Chagua njia ya uwanjani. Sasa rudi Kadutu.

Kama kamati imekupa orodha kamili, chagua wauzaji kwa nasibu kutoka orodhani, kisha mwombe kila mmoja ataje *wote* anaokopeshana nao, wawe wamechaguliwa au la. Hapo digrii ya kila uliyemhoji ni kamili na wastani hauhitaji kusahihishwa. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa kazi nyingi za wanafunzi: ni rahisi na haidanganyi. Ukitaka pembetatu pia, muulize kwa kila wawili aliowataja: "Hawa nao wanakopeshana?" Weka kikomo cha jozi 10 zilizochaguliwa kwa nasibu, la sivyo mama mwenye wakopeshaji 12 atakabiliwa na jozi 66 na ataondoka.

Kama orodha haipo, tumia kuponi: chagua waanzilishi 6 hadi 10 kutoka pande tofauti za soko (vitenge, samaki, unga, nguo za mitumba), mpe kila mmoja kuponi 3 zenye namba za kuwaalika wenzake, na wao vilevile. Njia hii ilitolewa na Douglas Heckathorn mwaka 1997, na inakaribia matembezi nasibu, kwa hiyo uzito wa hatua ya 6 unaitumikia. Haiendi bila digrii ya kila mtu. Uliza kwa mpaka ulio wazi: "Wauzaji wangapi wa soko hili unawajua kwa jina, nao wanakujua kwa jina, na mmeonana ndani ya wiki 2 zilizopita?" Watu watajibu 10, 20, 50. Usikubali mara moja. Pitia naye safu kwa safu.

Usiweke "taja watu 5". Utafiti mkubwa wa Marekani wa vijana wa shule, Add Health, uliruhusu marafiki 5 wa kiume na 5 wa kike, na tangu hapo kila anayeutumia lazima akumbuke dari hiyo. Mwenye viungo 40 na mwenye 6 wanatoka na 5 wote wawili.

Amua pia mpaka wa mtandao. Muuzaji wa Kadutu anayechukua mali kwa mtu wa Kamembe, upande wa Rwanda ng'ambo ya mto Ruzizi, au kwa tajiri wa Goma anayeituma kwa boti, ana kiungo ambacho kitakatwa ukihesabu soko tu. Kirekodi kwenye safu yake, "nje ya soko", hata kama hutakichora.

8. Linda majina. Hapa ndipo data nyingi hufia. Sokoni mtu huyohuyo ni Mama Furaha kwa jirani, Riziki kwa mchungaji, na "mama wa unga wa pembeni" kwa mteja. Tena kuna akina Mama Furaha wanne. Ukiwaunganisha wawili tofauti kuwa nodi moja, umeunda daraja la uongo kati ya sehemu mbili za soko: digrii inapanda na njia zinafupika. Ukimgawa mmoja kuwa wawili, umekata njia na kuua pembetatu. Kwa kila anayetajwa andika jina, jina la mtoto mkubwa, bidhaa, na safu ya meza. Kila jioni kaeni pamoja na daftari mlinganishe siku hiyohiyo; baada ya wiki hakuna anayekumbuka. Kisha kila mtu apate namba, na daftari lenye majina likae mahali pake penye kufungwa, mbali na faili la uchambuzi. Madeni ni siri za watu.

9. Iga njia yako, mara 100. Rudi kwenye kompyuta. Tengeneza mtandao unaofanana na soko, kwa mfano `powerlaw_cluster_graph` wenye nodi 900 na kila nodi mpya kuleta viungo 4, ambao utakupa wastani wa digrii karibu 8. Uchote kwa njia yako hasa: idadi ileile ya watu, kuponi zilezile, na 15% wakikataa kujibu. Rudia mara 100. Andika ukweli, wastani wa makadirio, na mtawanyiko wake. Kama makadirio 100 yanaizunguka namba ya kweli, endelea. Kama yote yamekaa upande mmoja, badilisha njia sasa, kabla ya nauli na kuponi kulipwa.

Katika uigaji jaribu pia kuwafanya wanaokataa wawe wale wenye digrii kubwa. Wauzaji wa jumla ndio wenye haraka, na ndio wanaokosekana meza zao zinapopitiwa. Kukosa 15% ya watu wowote na kukosa 15% wenye viungo vingi zaidi ni mambo mawili tofauti kabisa.

Shida zinazotokea na tiba zake

*Mtandao umevunjika vipande vidogo.* Huenda ni p iliyo ndogo tu. Kwenye mtandao unaofanana na nasibu wenye wastani wa digrii 4, ukibakiza chini ya robo ya nodi kipande kikubwa kinatoweka, kwani wastani unashuka chini ya 1. Usiandike "soko limegawanyika" mpaka uigaji wako uoneshe kwamba soko lililoungana lisingeweza kutoa vipande hivyo.

*Urefu wa njia umetoka mfupi kuliko ulivyotarajia.* Angalia kama programu imepima ndani ya kipande kikubwa peke yake. Kuondoa nodi au viungo hakuwezi kufupisha njia kati ya watu wawili walewale. Kinachofupisha wastani ni kwamba kipande kilichobaki ni kidogo.

*Nimegawanya digrii ya kila mtu kwa p, lakini mgawanyo wa digrii (wangapi wana 0, wangapi 1, wangapi 2...) bado si sahihi.* Gawio hilo linafaa kwa wastani tu. Aliyebaki na 0 atabaki 0 hata ukigawanya, ingawa huenda ana viungo 6. Jumla ya viungo igawe kwa p × p, pembetatu kwa p × p × p, na mgawanyo wote uupate kwa kuuliza digrii kamili kama hatua ya 7.

*Uzito wa kuponi umeleta namba za ajabu.* Tafuta aliyesema digrii 0 au 1. Wa 0 hawezekani, maana kuna aliyempa kuponi. Wa 1 ana uzito mara 20 ya mwenye 20, na mmoja wa namna hiyo anavuta jibu zima. Mrudie umuulize tena safu kwa safu. Hakikisha pia hujatumia idadi ya kuponi alizogawa mahali pa digrii yake, kosa ambalo huonekana haraka kwa sababu hakuna digrii inayozidi 3.

*Matembezi 4 hayakubaliani.* Mtandao una sehemu zilizounganishwa na daraja jembamba, na kila tembezi limenasa upande wake. Ongeza hatua. Kama uko sokoni badala ya kwenye kompyuta, ongeza mwanzilishi katika kila sehemu ambayo kuponi hazijafika baada ya duru 3.